Daftari la Matamshi: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Kijerumani wa Ngazi ya A1

Kisa hiki kinamhusu muuguzi mmoja wa Dar es Salaam aliyejiunga na darasa la jioni la Kijerumani, ngazi ya A1, ambayo ndiyo ya chini kabisa kati ya ngazi sita za Ulaya za kupima lugha, baada ya kujisomea peke yake kwa muda mrefu kwa kutumia video za kwenye simu. Lengo lake lilikuwa lile la wenzake wengi wa taaluma hiyo: kupata cheti cha mwanzo, kisha kupanda hatua kwa hatua hadi kiwango kinachotakiwa kwa wauguzi wa kigeni nchini Ujerumani, ambacho kwa kawaida ni B2, ngazi ya nne. Alikuja na msamiati mwingi kuliko wenzake, sarufi yake ya mwanzo haikuwa mbaya, na aliposimamishwa asome kwa sauti hakuwa na woga. Hata hivyo, kila alipopata nafasi ya kuzungumza kwa simu na Mjerumani asiyejua Kiswahili, jibu alilolipata lilikuwa "Wie bitte?", yaani samahani, umesemaje. Mimi niliyekuwa mwalimu wake nilimwelewa kila neno, na wanafunzi wenzake walimwelewa pia.

Aliniuliza siku moja, "Mwalimu, mbona wewe unanielewa?" Nilimjibu, "Kwa sababu, dada, na mimi nasikia Kijerumani kwa sikio la Kiswahili." Jibu hilo lilikuwa kweli, lakini halikumsaidia. Kilichotusaidia wote wawili ni daftari lake.

Katika daftari hilo kila neno lilikuwa limeandikwa mara mbili: upande wa kushoto kwa tahajia ya Kijerumani, na upande wa kulia kwa tahajia ya Kiswahili, jinsi alivyolisikia kwenye video. "Deutsch" aliliandika "doich", "Zeit" likawa "tsait", "ja" likawa "ya", "vier" likawa "fia", "Wasser" likawa "vasa", "Tag" likawa "taki", "Stadt" likawa "shtati", "bitte" likawa "bite", "fünf" likawa "funfu", na "ich" likawa "ishi". Walimu wengi wa lugha za kigeni hulichukia daftari la namna hii. Hoja yao ni kwamba mwanafunzi anayeandika lugha mpya kwa herufi za lugha yake hujifungia ndani ya sauti za lugha yake, na kwamba ni afadhali apotee kidogo mwanzoni akiwa na maandishi halisi. Hoja hiyo ina uzito, lakini sikubaliani nayo kwa mwanafunzi wa Kiswahili katika majuma ya mwanzo, na sababu zangu zimo humohumo daftarini.

Tahajia ya Kiswahili ni aminifu mno. Herufi "a" ni "a" popote ilipo, "sh" ni "sh", na msomaji hahitaji kubahatisha. Kwa hiyo mtu anayeandika "tsait" na "doich" amesikia vizuri na amehifadhi alichosikia kwa usahihi ambao msomaji wa Kiingereza angeuhusudu. Zaidi ya hayo, Kiswahili kina sauti kadhaa za Kijerumani ambazo wanafunzi wa mataifa mengine huhangaika nazo. Herufi "ng" katika "singen" na "Finger" hutamkwa kama "ng'" ya "ng'ombe", si kama "ng" ya "ngoma". Mwanzo wa "Stadt" na "Stuhl" ni ule ule wa "shtuka" na "shtaka". Sauti ya "ch" katika "acht" na "Buch" wanayo tayari wale wanaotamka "Khamisi" na "sheikh" kwa "kh" ya koo. Hata silabi ya mwisho ya "guten", ambayo Wajerumani huimeza hadi inabaki n peke yake, haimtishi mtu anayetamka "nta" na "mtu" kwa n na m zinazosimama zenyewe kama silabi. Na kwamba "-er" ya mwisho wa neno husikika kama "a" ni jambo ambalo wazee wetu walikwisha kulisikia bila darasa: sarafu ya Heller ya enzi za utawala wa Wajerumani ilibaki vinywani mwetu kama hela.

Basi kama daftari lina mema yote haya, "Wie bitte?" ilitoka wapi? Ili kulijibu swali hilo nilimrekodi mwanafunzi akisema sentensi zile zile kwa njia tatu: kwanza akirudia baada ya sauti ya kifaa bila kuona maandishi yoyote, pili akisoma upande wa kulia wa daftari lake, tatu akisoma kitabu cha kiada. Nawashauri walimu wenzangu wafanye hivyo kabla ya kusahihisha chochote, kwa kuwa kosa linalotokea katika njia moja tu huonyesha chanzo chake, na kosa linalotokea katika njia zote tatu ni kosa la sikio au la kinywa.

Alipokuwa akisoma kitabu, makosa ya herufi yalifurika. "Wasser" lilianza kwa "w" ya "wali", "Zeit" kwa "z" ya "zawadi", "vier" kwa "v" ya "viatu", na "h" ya "sehen", ambayo Mjerumani haitamki, ilitamkwa kwa nguvu. Hakuna hata moja kati ya makosa hayo lililokuwapo aliporudia kwa sikio au aliposoma daftari. Yalikuwa makosa ya macho. Uaminifu ule ule wa tahajia yetu, unaotufanya tuandike vizuri tunachosikia, hutufanya pia tuiamini mno kila herufi tunayoiona. Kundi hili la makosa ni kubwa kwa idadi lakini ni jepesi kutibu, kwa maana mazoea ya kanuni chache, kwamba "w" husomwa "v", "v" katika maneno mengi ya Kijerumani husomwa "f", "z" husomwa "ts", "j" husomwa "y", "ei" husomwa "ai", "eu" husomwa "oi" na "ie" husomwa "i" ndefu, yanatosha. Sikutumia muda mwingi hapo.

Njia ya pili ndiyo iliyonishangaza. Aliporudia kwa sikio, "Tag" aliliishia kwa "k" kavu, bila irabu. Aliposoma daftari lake mwenyewe, "k" hiyo ilipata "i". Maana yake ni kwamba sikio lake lilisikia sawasawa, hata lile jambo la Kijerumani la kuigeuza "g" ya mwisho kuwa "k" na "d" ya mwisho kuwa "t" alilisikia, lakini mkono wake, uliozoea kwamba neno halifungwi kwa konsonanti, ukaongeza irabu kama lugha yetu ilivyofanya kwa "benki", "shati" na "kabati". Baada ya hapo alijifunza neno kutoka katika maandishi yake badala ya kutoka katika sauti. Kwa hiyo daftari lilikuwa limehifadhi mema mengi na pia lilikuwa limezalisha kosa ambalo halikuwapo. Dawa ya daftari lenye hali hiyo ni kulifanyia matengenezo, si kulitupa.

Sasa nifike kwenye yale yaliyokuwapo katika njia zote tatu, kwa kuwa hapo ndipo Mjerumani alipokuwa akipotea. La kwanza ni urefu wa irabu. Kijerumani hutenganisha maneno mengi kwa irabu fupi na irabu ndefu: "Mitte" ni katikati na "Miete" ni kodi ya nyumba, "offen" ni wazi na "Ofen" ni tanuri, "Stadt" ni mji na "Staat" ni dola, "bitte" ni tafadhali na "biete" ni ninatoa. Mwanafunzi wetu alikuwa anazitamka zote ndefu, na sababu yake haikuwa uzembe wala ugeni wa sauti. Katika Kiswahili silabi ya pili kutoka mwisho hupata mkazo, na pamoja na mkazo huo hurefuka kidogo. Neno la Kijerumani lenye silabi mbili, kama "bitte", linapoingia kinywani mwa Mswahili, "i" yake huangukia mahali hapo hapo na kuvutwa, hivyo msikilizaji anayesubiri "tafadhali" anaambiwa "ninatoa". Alisema "das Zimmer in der Mitte", chumba cha katikati, msikilizaji akasikia habari za kodi. Alisema zahanati iko wazi, likasikika tanuri.

Sisi hatusikii kosa hilo. Ni kweli tunatofautisha "kata" na "kataa", lakini hapo irabu mbili ni silabi mbili, tena mkazo unahama. Kijerumani kinataka tofauti ya urefu ndani ya silabi moja, na mkazo ubaki pale pale. Isitoshe, Kijerumani kimetoa alama ya wazi katika maandishi ambayo msomaji wa Kiswahili huiruka kwa kuwa kwetu haina kazi: konsonanti iliyorudiwa, kama "tt", "ff" na "mm", au "ck" na "tz", huonyesha kwamba irabu iliyotangulia ni fupi. Kinyume chake, "ie", irabu iliyorudiwa, au irabu inayofuatwa na "h" isiyotamkwa huonyesha irabu ndefu.

Zoezi lililoleta mabadiliko lilikuwa la mwili zaidi kuliko la maelezo. Kwa irabu ndefu mwanafunzi alivuta mpira mwembamba wa kufungia vitu kwa mikono miwili kadiri sauti ilivyoendelea, na kwa irabu fupi alipiga kofi moja kavu. Hilo ni zoezi la kawaida katika madarasa ya Kijerumani. Nililoliongeza kwa ajili ya Waswahili ni kumtaka aisitishe pumzi juu ya konsonanti: aseme "mit", anyamaze na ulimi ukiwa umegusa ufizi, kisha aachie "te". Kijerumani cha leo hakitamki "t" mbili, na mtaalamu wa fonetiki angeweza kunikemea, lakini kwa mtu ambaye silabi zake zote huishia na irabu iliyo wazi, kuifunga silabi kwa namna hiyo ndiko kulikomfanya aikate irabu. Urefu wa konsonanti hupungua wenyewe mwendo wa kusema unapoongezeka, na ufupi wa irabu unabaki.

Jambo la pili lililokuwapo kote ni mkazo, na hapa kisa kilitoa funzo ambalo sikulitarajia. Mwanafunzi alitamka "Termin", "Beruf" na "Patient", maneno ambayo mkazo wake katika Kijerumani uko mwishoni, kwa mkazo sahihi kabisa. Lakini alikuwa akisema "termini", "berufu" na "patsienti". Irabu aliyoiongeza mwishoni iliisogeza silabi ya mwisho ya Kijerumani ikawa ya pili kutoka mwisho, na kanuni ya Kiswahili ikampa mkazo mahali panapostahili kwa bahati tu. Nilipomwondolea irabu ile, mkazo ulirudi nyuma mara moja: akaanza kusema "TERmin" na "BEruf", na Mjerumani aliyekuwa akimwelewa kidogo sasa hakumwelewa kabisa. Mwalimu asiyejua kinachotokea angedhani mwanafunzi anarudi nyuma, ilhali ni kosa moja lililokuwa limefunika jingine. Tangu hapo ninatibu mawili hayo kwa pamoja: kila neno linaloondolewa irabu ya mwisho hupigiwa mstari chini ya silabi yenye mkazo kwa wakati huo huo.

Upande mwingine wa tatizo ni maneno yanayoanza kwa mkazo. "Arbeiten", "antworten", "anrufen", "aufstehen" na "Krankenhaus", yaani hospitali, neno ambalo muuguzi hawezi kuliepuka, yote huwekewa nguvu mwanzoni, na kinywa cha Kiswahili huisukuma nguvu hiyo kuelekea mwisho. Wanafunzi wanaposikia kwamba mkazo unaweza kubadili maana, hudhani ni ajabu ya Wazungu, mpaka wakumbushwe kwamba barabara tunayopita garini na barabara ya kufanya jambo barabara hazitamkwi sawa. Mfano huo mmoja ulitosha kumfanya mwanafunzi ausikie mkazo kama kitu kinachoweza kuhamishwa kwa hiari.

Sauti ngeni zenyewe, zile ambazo vitabu huzitanguliza, zilichukua muda mfupi kuliko nilivyokuwa nimepanga. Kwa "ü" nilimtaka aseme "i" ndefu, auache ulimi hapo hapo ulipo, kisha aviringe midomo kana kwamba anapiga mluzi. Kwa "ö" afanye vivyo hivyo akianzia kwenye "e". Daftari lilikuwa limeziandika sauti hizo "u" na "o", na hilo ndilo kosa lake baya zaidi, kwa sababu Kijerumani hutumia tofauti hiyo kwa kazi za sarufi: "Bruder" ni kaka mmoja na "Brüder" ni wengi, "konnte" ni aliweza na "könnte" ni angeweza. Mwanafunzi ambaye bado hajaimudu "ü" ni afadhali aangukie kwenye "i" kuliko kwenye "u", maana ulimi wake utakuwa tayari mahali pake na kitakachobaki kurekebishwa ni midomo tu.

Kwa "ch" ya "ich" alianzia kwenye "y" ya "yai", akaondoa mtetemo wa koo, akabakiza pumzi inayokwaruza kaakaa gumu. Hakuiweza mara zote, na mara nyingi alirudi kwenye "sh". Sikumsumbua. Wajerumani wa maeneo ya mto Rhine husema "isch" wao wenyewe, na wanaelewana na taifa zima, ingawa mwanafunzi aonywe kwamba "Kirche", kanisa, na "Kirsche", tunda, zitafanana. Kuhusu "r" sikumfundisha chochote ila kuitamka kama "a" hafifu inapoishia neno. Mwongozo wa matamshi ya jukwaani wa Theodor Siebs wa mwaka 1898 uliitaka "r" ya ncha ya ulimi, na bado husikika Bavaria na Uswisi, kwa hiyo kumkoromesha Mswahili koo ili apate "r" ya kidakatonge katika ngazi ya A1 ni kutumia muda pasipohitajika.

Uamuzi huo wa kuchagua nini kitibiwe na nini kiachwe ulihitaji kipimo kilicho nje yangu. Mfumo wa Ulaya wa viwango vya lugha wa mwaka 2001 unasema kwamba katika A1 matamshi ya mwanafunzi, ndani ya maneno machache aliyojifunza, yaweze kueleweka kwa juhudi fulani na wasikilizaji waliozoea kushughulika na wasemaji wa jamii ya lugha yake. Mtu huyo aliyezoea ni mwalimu mwenyewe, na ndiyo maana sikio lake ni hakimu dhaifu. Nilichofanya ni kumpa mwanafunzi kazi ya kuisomea simu iliyowekwa kwenye Kijerumani, ili iandike anachosema. Simu haina huruma wala mazoea na Waswahili. Ikiandika "Miete" badala ya "Mitte", hakuna ubishi. Ina udhaifu wake, kwa kuwa hubahatisha neno kutokana na sentensi nzima na hivyo kusamehe makosa ambayo mtu asingeyasamehe, kwa hiyo tuliitumia kwa maneno mamojamoja zaidi kuliko kwa sentensi.

Jambo dogo la mtihani linastahili kutajwa, kwa kuwa liliwagusa wanafunzi wote darasani, wakiwamo wale wanaokwenda kujiunga na wenza wao, ambao tangu 2007 kwa kawaida hutakiwa kuonyesha Kijerumani cha A1 kabla ya kupewa viza. Katika sehemu ya kuzungumza ya mtihani wa Taasisi ya Goethe, taasisi ya Kijerumani ya lugha na utamaduni, wa ngazi hiyo, mtahiniwa hujitambulisha, kisha huombwa kutaja herufi za neno, mara nyingi jina lake, na kutaja namba. Muuguzi wetu alizitaja irabu kwa majina ya Kiingereza aliyoyazoea tangu sekondari, na jina kama Amina lilipotajwa "ei, em, ai, en, ei", msikilizaji wa Kijerumani aliandika "E" mahali pa "A" na kukwama kwenye "ai". Tiba ilikuwa kuzirudia irabu za darasa la kwanza: a, e, i, o, u, zikivutwa kidogo, ndiyo majina yake katika Kijerumani. Baada ya hapo zilibaki herufi chache za kukariri, hasa "yot", "fau", "ve" na "tset".

Daftari tulilitengeneza kwa pamoja. Irabu za mwisho zilizoongezwa zilifutwa, irabu ndefu ziliandikwa mara mbili, "ü" na "ö" ziliachwa katika sura yake ya Kijerumani, "ch" ya "ich" ikaandikwa "hy" ili isichanganywe na "sh" wala na "ch" ya "chai", na mkazo ukapigiwa mstari. "Taki" likawa "taak", "fia" likawa "fiia", "termini" likawa "termiin" lenye mstari chini ya silabi ya mwisho. Kadiri kanuni za herufi zilivyomwingia, maneno ya upande wa kulia yalipungua, kwa kuwa hakuhitaji tena kukumbushwa kwamba "ei" ni "ai". Vilivyobaki ni vitu viwili tu, urefu na mkazo, na kwa hivyo tulihamia kwenye alama za kamusi ya Duden, ambayo huweka nukta chini ya irabu fupi yenye mkazo na mstari chini ya irabu ndefu yenye mkazo. Alama hizo sasa huziweka kwenye neno la Kijerumani lenyewe, upande wa kushoto. Anapoingia A2 bado "ü" humteleza anapoharakisha, na maneno marefu ya kuunganishwa kama "Krankenversicherung" humlazimu asimame kwanza atafute mkazo uko wapi, lakini kosa la namna hiyo huliona mwenyewe kabla ya kuambiwa "Wie bitte?".